Mzazi Aliye Kifungoni na Ridhaa Yake: Somo juu ya Kuasili Mtoto wa Ndugu



Mwezi huu twaweka mbele yenu jambo liwezalo kumfikia kila mzee wa usharika na kila mkatekista, naye asiwe na jibu tayari. Jambo lenyewe ni hili: mtu akifungwa gerezani, na watoto wake wakachukuliwa na jamaa, je, jamaa hao waweza kuwafanya watoto hao kuwa wao kabisa kwa sheria, pasipo kumwuliza yeye aliyefungwa?

Wako wajibuo upesi, wakisema, “Aulizwe nini? Amekwisha kujiharibia mwenyewe.” Wengine hujibu upesi vilevile, wakisema, “Damu ni damu. Mtoto wa mtu haondolewi kwake hata milele.” Majibu yote mawili yana upungufu. Basi tuliangalie neno hili polepole, tukianza na mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, wala hatusemi habari ya mtu yeyote ajulikanaye.

Mtu wa upande wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, amehukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang’anyi wa kutumia silaha, maana ndicho kifungo kilichowekwa na sheria ya nchi yetu kwa kosa hilo. Mkewe alikufa zamani kidogo. Ameacha watoto wawili, mmoja wa miaka 9, na wa pili hajatimiza miaka 2. Ndugu yake mdogo, akaaye karibu na Katesh katika wilaya ya Hanang, amewachukua. Anawalisha, anawavika, amempeleka mkubwa shule. Yule mdogo humwita “baba”, wala hamjui baba mwingine. Sasa huyo ndugu na mkewe wataka kuwaandikisha watoto hao kuwa wao. Nia yao yaonekana kuwa njema. Je, imebaki kazi gani ya kufanya?

1. Kulea ni jambo moja, kuasili ni jambo jingine

Katika nchi yetu, kulea mtoto wa ndugu si jambo geni. Kwa Wairaqw na kwa Wadatoga, kama kwa makabila mengine, mtoto ni wa ukoo; asipokuwapo baba yuko baba mdogo, asipokuwapo mama yuko bibi, yuko shangazi, yuko mjomba. Hakuna aliyengoja karatasi ya serikali ndipo ampe mtoto wa ndugu yake uji. Desturi hii ni nzuri, nayo imewaokoa wengi.

Lakini kuasili ni tendo la mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ilichukua mahali pa sheria ya zamani ya kuasili, yasema kwamba ombi la kuasili hupelekwa Mahakama Kuu. Amri ikitolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza juu ya mtoto hukoma, nazo huwa mikononi mwa mwenye kuasili, kana kwamba mtoto alizaliwa katika nyumba yake. Yeye ndiye atakayemtunza, yeye ndiye atakayesema juu ya masomo yake na ndoa yake, na katika mali yake mtoto huyo atahesabiwa pamoja na watoto wa tumbo.

Angalieni basi tofauti. Mwenye kulea amshika mtoto kwa niaba ya mwingine. Siku moja aweza kumrudisha. Mwenye kuasili hamshiki kwa niaba ya mtu. Yule mfungwa wa Dongobesh atoke gerezani, abishe hodi Katesh, aseme, “Nimewafuata wanangu,” naye aweza kujibiwa kwa haki kabisa, “Kwa sheria, hao si wako tena.” Jambo kubwa namna hii haliwezi kufanywa nyuma ya mgongo wa mtu.

Tena iko njia ya katikati, ambayo wengi hawaijui. Jamaa anayemtunza mtoto aweza kuomba mahakama impe uangalizi wa mtoto huyo, akae naye kwa amri iliyo wazi, aweze kumwandikisha shule na kumpeleka hospitali bila kuulizwa, “Wewe u nani?” Hapo mzazi hapotezi uzazi wake, wala mtoto hakosi ulinzi. Wako jamaa watafutao kuasili, na kumbe haja yao yote ingetimizwa kwa amri hiyo.

2. Kifungo si kifo

Sheria ile ya mwaka 2009 inalo neno juu ya watoto waliofiwa. Yasema kwamba wazazi wakiisha kufa, wajibu wa kumlea mtoto waweza kupita kwa jamaa wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa desturi. Sisi wa nchi hii twajua maana yake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang, yakapiga Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mzazi akiisha kuzikwa hapana wa kumwuliza, na ukoo hufanya kazi yake.

Hata katika Maandiko twajua habari ya Esta, ambaye alikuwa hana baba wala mama, na Mordekai, jamaa yake, akamchukua awe binti yake. Hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini mfungwa hakufa. Hakimu amemhukumu kupotewa na uhuru wa kwenda atakako kwa muda uliotajwa. Hakumhukumu asiwe baba. Anayo masikio ya kusikia, anao ulimi wa kujibu, na mahali alipo pajulikana kuliko mahali pa mtu mwingine yeyote, maana serikali imemwandika kwenye daftari. Kwa hiyo desturi ihusuyo watoto wa marehemu haiwezi kutumiwa kwake. Wakikaa wazee wa ukoo chini ya mti wakagawa watoto wa mfungwa kama wagawavyo watoto wa marehemu, wamemzika mtu aliye hai.

3. Ridhaa ya kweli ni ipi?

Sheria yasema kwamba amri ya kuasili itatolewa kwa ridhaa ya wazazi, au ya mzazi aliyebaki, au ya mlezi au jamaa wa mtoto. Haikusema, “isipokuwa mzazi amefungwa.” Katika mfano wetu mama amekufa, basi mzazi aliyebaki ni yule mfungwa, naye ndiye wa kuulizwa. Kama mama angalikuwa hai nyumbani na baba gerezani, tusingesema kwamba neno la mama lamtosha kila mtu. Wazazi ni wawili. Na kama mama ndiye aliyefungwa, naye pia aulizwe. Watu wetu husahau neno hili la mwisho kuliko yote, wakisema kwamba mtoto ni wa baba na mama hana la kusema. Sheria haikusema hivyo.

Sasa, ridhaa ni zaidi ya dole gumba juu ya karatasi. Mahakama hutaka kujua mambo haya.

Kwanza, kwamba mzazi ameelewa. Sharti ajue kwamba amri hii yamwondolea haki zake za uzazi kwa siku zote, si mpaka atoke gerezani tu. Mtu aweza kuletewa karatasi akidhani ni ya kumwandikisha mtoto shule. Ikiwa Kiswahili chake ni kidogo, aelezwe kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga, na mtu asiye na faida katika shauri hilo.

Pili, kwamba ameridhia kwa hiari. Mfungwa ni mtu mnyonge. Ndugu yake ndiye amletee sabuni na habari za nyumbani. Akiambiwa, “Usipotia sahihi hatutakuja tena kukuona,” hiyo si ridhaa, ni kukabwa koo.

Tatu, kwamba hapana malipo. Sheria hairuhusu fedha wala zawadi kupokewa kwa ajili ya kuasili. Ng’ombe wawili waliopelekwa kwa mama mzaa mfungwa “kwa kumtuliza” ni malipo, hata wakiitwa jina zuri namna gani.

Nne, mtoto mwenyewe asikilizwe. Mwenye akili ya kusema mawazo yake asemeshwe. Na akiwa ametimiza miaka 14, ridhaa yake pia yatakiwa. Mtoto wetu wa miaka 9 hawezi kuamua shauri, lakini aweza kusema kama amkumbuka baba yake na kama ataka kumwona.

Neno hili la ridhaa iliyoeleweka halikuzuliwa na nchi yetu peke yake. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili mpaka mwaka 1926, na tangu mwanzo huo ridhaa ya mzazi iliwekwa kuwa mlango wa kupita. Mapatano ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, yote yasema kwamba wahusika wapate kwanza mashauri mema, ndipo waridhie wakijua walifanyalo. Tanzania imeyakubali yote mawili.

4. Je, mahakama yaweza kupita bila ridhaa?

Naam, yaweza. Ingekuwa vibaya kama mzazi mwovu angeweza kumfunga mtoto wake pamoja naye kwa neno moja la “sitaki”. Kwa hiyo sheria imetaja sababu ambazo kwazo mahakama yaweza kuiacha ridhaa ya mzazi: kwamba amemtupa mtoto asimjali, au amemtesa mara kwa mara, au kwamba hapatikani, au kwamba hawezi kutoa ridhaa, au kwamba ainyima ridhaa bila sababu ya haki.

Tuzipime moja moja kwa habari ya mfungwa.

“Hapatikani.” Sababu hii haimfai mfungwa. Huenda amehamishwa kutoka gereza la karibu akapelekwa Arusha, au Isanga kule Dodoma, au Ukonga kule Dar es Salaam. Hayo yamfanya awe mbali, wala hayamfanyi kuwa mtu aliyepotea. Ajaye mbele ya hakimu na kusema, “Hatujui aliko,” naye hakuuliza hata mara moja, amesema uongo.

“Hawezi.” Neno hili lafaa kwa mtu ambaye akili zake zimeharibika, asielewe aulizwalo. Kuta za gereza haziharibu akili za kuridhia.

“Amemtupa au amemtesa.” Hapa twatazama maisha yake, hatutazami kifungo peke yake. Mtu aliyewalea wanawe vizuri mpaka siku ya kukamatwa, na tangu hapo huuliza habari zao kila apatapo nafasi, hakuwatupa. Lakini mtu aliyewaacha na njaa miaka mingi kabla ya kufungwa, au aliyewapiga mpaka wakaumia, asijifiche nyuma ya gereza aseme, “Ni kifungo kilichonizuia.” Kifungo hakimpi sifa ambayo hakuwa nayo.

“Ainyima bila sababu ya haki.” Hili ndilo gumu kuliko yote. Tufikiri habari ya baba aliyemwua mama wa watoto wake, na wazazi wa marehemu ndio wawaleao wajukuu. Baba huyo akatae, aseme, “Watoto ni wa ukoo wangu, hawatakwenda kwa watu wa mama.” Je, aulizwe hata yeye? Twasema, ndiyo, aulizwe na asikilizwe. Lakini kusikilizwa si kushinda. Sheria ya Mtoto yaagiza kwamba faida ya mtoto ndiyo itangulizwe katika mambo yote yamhusuyo. Mahakama itasikia neno la baba, itasikia neno la babu na bibi, itasoma taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii, kisha itapima. Ikiona kwamba akataa kwa kiburi cha ukoo tu, na mtoto aumia, yaweza kupita. Mahakama ndiyo ipitayo, wala si jamaa kujipitisha wenyewe.

Nchi nyingine zatufundisha hatari ya kuharakisha. Marekani ilitoa sheria mwaka 1997, iliyoagiza kwamba mtoto akiisha kukaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya miezi 22, yaanzishwe mashauri ya kuwaondolea wazazi haki zao, isipokuwa kwa sababu chache. Vifungo vingi hupita miezi hiyo; basi mzazi aweza kutoka gerezani na kukuta amekwisha kuwa mgeni kwa mtoto wake. Lakini angalieni: moja ya zile sababu chache za kutoharakisha ni hii, kwamba mtoto analelewa na jamaa. Hata huko waliona kwamba mtoto akiwa mikononi mwa ndugu, haja ya kukata kamba ya uzazi si kubwa kama akiwa kwa wageni.

5. Mali na mahari

Hatuna budi kusema neno ambalo si zuri kulisema. Mara nyingine atakaye watoto hakutaka watoto. Mfungwa ameacha shamba, ameacha ng’ombe. Binti zake watakua, na mahari yao italetwa. Jamaa asema, “Watoto wakiwa wangu, na zizi ni langu.”

Huko ni kuchanganya mambo mawili. Mwenye kuasili hupata mtoto. Hapati shamba la baba wa mtoto. Mali ya mfungwa yabaki kuwa mali yake, maana yu hai. Yafaa tangu siku ya kwanza wazee wahesabu ng’ombe na mipaka ya shamba mbele ya mashahidi, waandike, na nakala moja impate mfungwa mwenyewe. Na mlezi akihitaji kuuza mbuzi kwa ajili ya daftari na sare za shule, aandike na hilo. Hivyo mlezi mwema hulindwa na masingizio, na mlezi mlafi hulindwa na tamaa yake.

6. Wajibu wa mfungwa mwenyewe

Mfungwa naye asidhani kwamba haki yake ni rungu la kuwapigia wengine. Ulizwa ni kupewa nafasi ya kufikiri juu ya mtoto. Akiona kwamba kifungo chake ni kirefu, na mtoto ni mchanga, na ndugu ni mwaminifu, huenda upendo wamwambia aridhie. Huenda wamwambia aombe malezi tu, na barua, na kuletewa mtoto mara moja kwa mwaka. Yote mawili yaweza kuwa mema. Lisilo jema ni kunyamaza, au kukataa ili kumkomoa mtu.

Mtoto naye anayo haki yake hapa. Yale Mapatano ya mwaka 1989 yasema kwamba mtoto aliyetengwa na mzazi ana haki ya kuonana naye na kupata habari zake, isipokuwa jambo hilo lamdhuru. Na kwamba utengano ukitokana na kifungo, serikali itoe habari mzazi yuko wapi. Basi kumwambia mtoto, “Baba yako amekufa,” hali yu gerezani, ni kumwibia. Siku moja atamkuta mtu huyo njiani.

Kwa akina mama ziko kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zilizoitwa kwa jina la mji wa Bangkok. Zasema kwamba mwanamke mwenye watoto wa kutunza, kabla ya kuingia gerezani au aingiapo, apewe nafasi ya kupanga ni nani atakayewatunza. Na Mkataba wa Afrika wasema kwamba mama mwenye mtoto mchanga afikiriwe kwanza adhabu isiyo ya kifungo. Ikiwa ndugu yako wa kike amehukumiwa, mwulize siku hiyohiyo, “Wataka watoto wakae kwa nani?” Neno lake la siku ile laweza kuondoa ugomvi wa miaka.

7. Hatua za kufuata

Turudi kwa yule ndugu wa Katesh. Tungemshauri hivi.

Aende kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yake, aeleze habari yote, pamoja na kwamba baba yu hai na yu gerezani. Asilifiche hilo hata kidogo.

Aulize kama haja yake ni kuasili au ni uangalizi tu. Kama ni shule, matibabu na ulinzi, uangalizi waweza kutosha.

Ajue ndugu yake yuko gereza gani, aende mwenyewe kumwona, wala asitume karatasi peke yake. Amweleze, ampe siku za kufikiri, arudi tena.

Mfungwa ashauriwe na mtu mwingine asiye wa upande wa mwombaji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kulipa wakili, nayo yawakumbuka wafungwa pia.

Kama wote wamekubali kuasili, ombi lipelekwe Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wa Manyara ina masjala yake Babati. Kama baba amekataa, ombi liseme wazi kwamba amekataa na kwa sababu gani, hakimu aamue.

Na katika siku zote hizo, mtoto asifanywe kamba ya kuvutana.

Wakatekista na wazee wanayo sehemu yao. Ninyi mwaweza kufika gerezani, na kufika katika nyumba ya ukoo; mwaweza kuchukua salamu huku na huku, na kusoma barua kwa asiyejua kusoma. Lakini msiwe mawakili wa upande mmoja, wala msitie sahihi kuwa mashahidi wa ridhaa ambayo hamkuiona ikitolewa.

Maswali ya kujifunza

1. Taja tofauti kati ya kulea, kupewa uangalizi, na kuasili.
2. Kwa nini desturi ya watoto wa marehemu haiwafai watoto wa mfungwa?
3. Ridhaa ya kweli yatambulikanaje? Taja mambo manne.
4. Ni sababu zipi ambazo mahakama yaweza kuacha ridhaa ya mzazi, na ipi kati ya hizo haimhusu mfungwa?
5. Katika usharika wako, kuna mtoto ambaye mzazi wake yu gerezani? Nani amemwuliza mzazi huyo neno lake?